Herufi K na Jamaa Zake Katika Lugha ya Kiingereza

Mtu aliyepata kazi mpya bandarini Mombasa hupewa karatasi ya kujaza. Jina lake huliandika bila shida, na mwaka wa kuzaliwa, na mahali atokapo. Kisha hufika penye mstari wenye maneno haya: "Next of kin". Neno "next" alilisoma shuleni, nalo analijua: ni kinachofuata, ni nyumba ya pili, ni mtu aliyeketi ubavuni. "Kin" halijui. Basi kwa kuwa karani anamngoja, na nyuma yake wamesimama watu kumi, huandika jina la mwenzake wanayekaa chumba kimoja huko Majengo, mtu mwema, lakini si ndugu yake. Ikitokea siku akaangukiwa na mzigo, habari itapelekwa kwa yule mwenzake wa chumba, ambaye huenda amekwisha kuhama. Na mke wake na mama yake walioko bara, wanaongoja salamu za kila mwezi, hawatajua lolote mpaka mpita njia awaambie.

Kosa hilo si la mjinga. Nusu ya maneno yale aliijua sawasawa, na nusu hiyo ndiyo iliyompoteza. Tena liko jambo la ajabu ndani yake: katika Kiingereza cha zamani neno "next" na neno "neighbour", yaani jirani, ni ya shina moja. La kwanza lilikuwa na maana ya aliye karibu kupita wote, na la pili ni yule akaaye karibu. Kwa hiyo mfanyakazi yule alipokwenda kwa jirani hakwenda mbali sana na chimbuko la neno. Lililomshinda ni lile neno dogo la herufi tatu linaloanza kwa K, na kwa ajili yake mazungumzo haya yatashughulika na herufi hiyo peke yake.

Msikilizaji aliye na kamusi ya Kiingereza na aifungue penye K. Ataona kurasa zake ni chache. Herufi S na C zimejaa maneno hata vidole vinachoka kufunua, lakini K ni kama duka dogo la kijijini: bidhaa zake si nyingi, na karibu zote ni za matumizi ya kila siku. Humo mna "kitchen", yaani jiko. Mna "kettle", yaani birika. Mna kisu, ufunguo, goti, figo na busu. Kwa mtu aliyezoea Kiswahili jambo hili ni kinyume cha mazoea, maana Kiswahili kina viti, vitanda, vikapu na visima vyote vilivyopanga foleni penye K kwa umoja wao.

Sababu ya uchache huo ni ya kihistoria. Waingereza wa kale walijifunza kuandika kwa herufi za Kirumi, na Warumi hawakuipenda K. Sauti hiyo waliiandika kwa C. Kwa hiyo "king", yaani mfalme, iliandikwa "cyning", na "knee", yaani goti, iliandikwa "cneow". Mwaka 1066 William wa Normandy alivuka bahari akaishinda Uingereza, na baada ya hapo kazi ya kuandika ikaingia mikononi mwa makarani waliofundishwa kwa desturi za Kifaransa. Hao walikuwa na taabu moja: kwao C iliyotangulia E au I husomwa kama S. Wakiona "cyning" mbele yao, midomo yao ilitaka kusema kitu kingine kabisa. Ili kuondoa shaka wakaiita K ifanye kazi mahali pale ambapo C ingepotosha, yaani mbele ya E na I, na mbele ya N pia. Kwingine wakaiacha C kama ilivyokuwa. Ndiyo maana mpaka leo paka mkubwa ni "cat" kwa C, na mtoto wake ni "kitten" kwa K. Mwanafunzi anayewalaumu Waingereza kwa kufanya mambo pasipo utaratibu anawaonea kidogo, maana hapa utaratibu ulikuwapo, ila waliouweka wamekwisha kufa karne nyingi zilizopita.

Habari hiyo ina faida ya karibu kwa mtu anayetafuta maneno katika kamusi. Kiswahili kimechukua maneno mengi ya Kiingereza na kuyavika K: koti, korti, kamati, kabati, keki, kampuni. Yote hayo kwa Kiingereza huanza kwa C. Mwenye kutafuta kamati penye K atatafuta mpaka taa izimike.

Kamusi kubwa kupita zote za lugha hiyo ni ile ya Oxford. Sehemu yake ya kwanza ilitolewa mwaka 1884, na ya mwisho mwaka 1928, ikiwa na maneno zaidi ya 400,000. Mhariri wake mkuu, James Murray, aliyekuwa mtu wa Scotland, alifariki mwaka 1915 bila kuuona mwisho wa kazi. Lakini herufi K aliisimamia mwenyewe na kuimaliza, na kwa kazi ya watu wa namna hiyo maneno madogo kama "kin" yanaweza kufuatwa nyuma, hatua kwa hatua, mpaka nyumbani kwao.

"Kin" ni ukoo. Ni watu wa damu moja. Kutoka katika nyumba hiyo walizaliwa wengi. "Kindred" ni jamaa wote wa ukoo. "Kind" lina maana mbili ambazo kwa mgeni hazifanani hata kidogo: ya kwanza ni aina, na ya pili ni mwenye wema. Lakini zote mbili zilitoka mlango mmoja. Vitu vya aina moja ni vitu vilivyozaliwa pamoja, kama mbegu za mmea mmoja. Na mtu mwema ni yule anayemtendea mwenzake kama anavyopasa kumtendea mtu wa ukoo wake. Hata neno "king" wenye elimu ya lugha wengi huliweka katika jamaa hiyo: mfalme wa kwanza hakuwa mtu wa kiti cha dhahabu, bali mtu wa ukoo, aliyewasimamia wale aliozaliwa kati yao.

Mswahili hana haja ya kufundishwa sana jambo hili, kwa sababu lugha yake imepita njia hiyohiyo. Ndugu ni mtoto wa mama mmoja, na undugu ni tabia njema hata kwa mtu wa mbali. Jamaa ni watu wa nyumba, na mwaka 1962 Julius Nyerere alipotafuta neno la kuyaitia mafundisho yake ya siasa, alilichukua neno ujamaa, ambalo hapo kwanza lilikuwa na maana ya uhusiano wa watu wa jamaa moja.

Walakini hapa ndipo penye mtego. Mtu akishajua kwamba "kind" ni wema, hulitia wema kila anapolikuta. Chukua mkataba wa kazi wenye maneno kwamba sehemu ya mshahara italipwa "in kind". Msomaji wa haraka hufurahi, akidhani ameahidiwa kutendewa kwa hisani. Sivyo. Maana yake ni kwamba sehemu hiyo haitalipwa kwa fedha, bali kwa vitu: unga, sukari, nyumba ya kulala au kuni. Wafanyakazi wa mashamba makubwa ya Kenya zamani za ukoloni waliyajua malipo hayo vizuri kwa jina la posho, hata kama hawakupata kuyaona maneno yake ya Kiingereza. Malipo ya namna hiyo si lazima yawe mabaya. Lakini anayetia sahihi sharti ajue kama atapokea shilingi au debe la unga, na ajue debe hilo limehesabiwa kwa bei gani, na nani aliyeipanga. Na maneno hayohayo yana sura nyingine iliyo mbali zaidi na wema: Mwingereza akisema kwamba atamlipa adui yake "in kind", anamaanisha kwamba atamrudishia alichotendewa, ngumi kwa ngumi.

Kadhalika neno "kindly" katika barua za ofisi. Barua ikisema "You are kindly requested to pay", isomwe kwa makini. Maneno hayo yamevaa kanzu safi, lakini ndani yake mna dai. Mwandishi hasemi kwamba mlipaji akipenda anaweza kulipa; anasema alipe, na mara nyingi chini ya barua kuna tarehe. Watu wa pwani, waliolelewa katika adabu ya kuficha amri ndani ya ombi, hawatapata taabu kuifahamu adabu hii.

Sasa yafaa kuingia katika lile kundi la maneno linalowaudhi wanafunzi kuliko yote, yaani yale yanayoanza kwa KN. Mwalimu huandika ubaoni "knife", na mtoto mwenye akili huuliza kwa nini K imeandikwa ikiwa haisemwi. Jibu la kwamba ndivyo ilivyo halitoshi. K hiyo ilikuwa ikisemwa. Waingereza wa kale walisema kwa sauti zote mbili, K na N pamoja, kama Wajerumani wasemavyo hata leo katika neno lao la goti, "Knie". Sauti ile ilikuja kudhoofika na kupotea katika karne ya 17 na mwanzo wa karne ya 18. Lakini William Caxton alikuwa amekwisha kuleta mtambo wa kupiga chapa Uingereza mwaka 1476, na vitabu vikaendelea kuchapwa kwa maandiko ya zamani wakati vinywa vya watu vilipokuwa vikibadilika. K ile imebaki kama jina la marehemu lililoachwa juu ya mlango wa nyumba.

Kiswahili hakiwezi kustahimili K na N zikisukumana hivyo mwanzoni mwa neno. Kingetia irabu katikati mara moja. Wafaransa walifanya vivyo hivyo. Walipolipokea neno la kisu zamani kutoka kwa watu wa kaskazini waliligeuza kuwa "canif", na mpaka leo hilo ndilo jina la kisu chao kidogo cha mfukoni.

Kati ya maneno hayo ya KN yapo mawili ambayo habari zake zastahili kusimuliwa kwa utulivu. Moja ni "knight", na la pili ni "knave". "Knight" ni mtu mwenye heshima aliyopewa na mfalme, ambaye hutanguliziwa neno "Sir" mbele ya jina lake. "Knave" ni mlaghai, mtu asiyeaminika. Ni vigumu kuwapata watu wawili walio mbali zaidi kuliko hao. Lakini zamani, kabla ya mwaka 1066, maneno haya yote mawili yalikutana katika maana moja. "Cniht" alikuwa mvulana. "Cnafa" alikuwa mvulana. Walianza maisha pamoja, kama watoto wa jirani waliocheza uwanja mmoja.

Huyu wa kwanza alibahatika kuajiriwa na mabwana wa vita. Kijana akawa mtumishi wa bwana mwenye silaha. Mtumishi akapewa farasi, na farasi wa vita na silaha zake ni mali ya thamani kubwa. Mwenye farasi akapewa ardhi ili aweze kumlisha. Na mwenye ardhi akawa mheshimiwa. Kwa hatua hizo neno lilipanda ngazi mpaka kwenye baraza la mfalme. Siku hizi heshima hiyo hupewa majaji, waganga, waandishi na hata wachezaji wa mpira ambao hawajapata kupanda farasi. Katika mchezo wa sataranji kete yake ina kichwa cha farasi, kumbukumbu ya safari aliyoifanya.

Yule wa pili alibaki jikoni na katika zizi. Kijana akawa mtumishi wa nyumbani, na mtumishi wa nyumbani akawa mtu wa chini, na mtu wa chini, kwa desturi mbaya ya walio juu, akadhaniwa kuwa mwizi. Inawezekana kabisa kwamba wavulana wale wa jikoni hawakuwa wezi kuliko wengine; lakini waliokuwa na kalamu ni mabwana zao. Mwishoni neno likapoteza umri na kazi, likabaki na lawama peke yake. Mahali pamoja tu ndipo lilipopata kupumzika, nako ni katika karata, ambamo karata ya kijana iliitwa "knave". Hata huko liliondolewa. Wachapaji walipoanza kuandika herufi pembeni mwa karata, "Kn" ya kijana na "K" ya mfalme zilichanganywa na wachezaji wenye haraka, basi kijana akabandikwa J ya "Jack".

Mzungumzaji wa Kiswahili akishangaa kwamba maneno mawili ya asili moja yaweza kuachana hivyo, na aangalie kitendo cha kutuma katika lugha yake mwenyewe. Aliyetumwa na Mungu huitwa mtume. Aliyetumwa na mwanadamu, asiyeweza kukataa, aliitwa mtumwa. Shina ni moja, nalo ni kutumwa. Mmoja akapanda hadi kwenye midomo ya wanaosali, na mwenzake akauzwa sokoni. Na katikati yao yumo mtumishi, ambaye heshima yake hutegemea anamtumikia nani.

Na kwa kuwa habari ni za wavulana, haifai kuliruka neno "boy", ijapokuwa si la herufi hii. Katika maandishi ya kale, karibu na mwaka 1300, "boy" alikuwa mtumishi au mtu wa chini. Maana ya mtoto wa kiume ilikuja kushika nguvu baadaye. Kwa hiyo neno hili lilitembea kinyume cha "knave": lilitoka katika utumishi likaingia katika utoto. Lakini ile maana ya kwanza haikufa. Ilipanda meli ikaenda makoloni. Nchini Kenya mtu mwenye mvi na wajukuu, kwa kuwa tu alipika au kufua kwa Mzungu, aliitwa "boy", na Kiswahili kikalipokea kuwa boi, wingi wake maboi. Hapo maana zote mbili zilimwangukia mtu mmoja kwa pamoja: kwamba ni mtumishi, na kwamba hatakua kamwe. Uhuru ulipatikana mwaka 1963, na bado Nairobi husikika watu wakimwita mtunza bustani "shamba boy" bila kufikiri. Wanaosema hivyo huenda hawana nia mbaya. Lakini mwanamume wa miaka hamsini aitwaye mvulana mbele ya watoto wake husikia yote yaliyomo ndani ya neno hilo, hata kama aliyelitamka hasikii. Mtunza bustani ana jina la kazi yake, na ana jina alilopewa na baba yake.

Neno "keep" ni la namna nyingine. Halikupanda wala kushuka, lilitawanyika. Kwa Kiingereza mtu hu-"keep" mbuzi, na Kiswahili husema anawafuga. Hu-"keep" duka, yaani analo na analiendesha. Hu-"keep" ahadi, yaani anaitimiza. Na hu-"keep" siri, yaani anaificha. Akiambiwa "keep quiet" anyamaze, na akiambiwa "keep going" aendelee. Anayeshikilia kwamba "keep" ni kuweka, kwa sababu ndivyo alivyonakili katika daftari lake, ataweka mbuzi na kuweka kelele. Mahakamani neno hili laweza kumgharimu mtu fedha. Hakimu akiamuru mtu aweke dhamana ya "keeping the peace", hakumpa kazi ya kulinda amani ya mtaa. Anamtaka aahidi kwa maandishi kwamba hatafanya fujo kwa muda uliotajwa, naye akivunja ahadi, fedha iliyoandikwa katika dhamana inaweza kudaiwa.

Lakini "keep" limewapa Waswahili furaha pia. Kutoka kwa "goalkeeper" wamepata golikipa. Na barabarani, penye njia panda ambapo magari huzunguka, kulisimamishwa vibao vya kuwaambia madereva wakae upande wa kushoto: "Keep left". Watu walisoma kibao, wakakiita mahali penyewe kipilefti. Kisha, kwa kuwa neno lilianza kwa ki-, Kiswahili hakikuuliza ruhusa ya mtu. Kikalitia katika ngeli ya kiti na kisu, na vikiwa viwili vikawa vipilefti. Amri ya polisi wa barabara ikageuka kuwa nomino ya Kibantu yenye wingi wake kamili. Hakuna mwalimu aliyepanga jambo hilo, na hakuna kamati ambayo ingeliweza kulifanya vizuri zaidi.

Yako pia maneno ya K yaliyokuja Uingereza kutoka nchi za mbali, na kwa kawaida hutambulika kwa kuivunja ile kanuni ya makarani, kwa kuwa K yao hukaa mbele ya A au O pasipo haya. "Khaki" lilitoka Bara Hindi, nalo asili yake ni neno la Kiajemi la vumbi: nguo ya rangi ya vumbi, ambayo askari wa Waingereza huko walianza kuivaa katika miaka ya 1840. Askari wa King's African Rifles waliivaa, na leo hata bahasha ni ya kaki. "Kangaroo" liliandikwa mwaka 1770, wakati James Cook na watu wake walipokuwa wakitengeneza merikebu yao iliyopasuka katika pwani ya kaskazini mashariki ya Australia. Iko hadithi maarufu kwamba Wazungu walimwuliza mwenyeji jina la mnyama yule, naye akajibu "kangaroo", yaani "sijui". Hadithi hiyo huchekesha, na ni ya uongo. Wenyeji wa huko, Waguugu Yimithirr, wanalo neno "gangurru", nalo ni jina la kangaruu wa namna moja. Mwenyeji aliulizwa, akajibu sawasawa; waliosema kwamba hakujua ni wale wasiojua lugha yake.

Na "Kodak" halikutoka popote. George Eastman wa Marekani alilibuni mwenyewe mwaka 1888 kuwa jina la kamera yake, kwa sababu aliipenda K akaiona ni herufi yenye nguvu, basi akaiweka mwanzo na mwisho. Mwaka 1926 alifika Kenya kwa safari ya kuwinda na kupiga picha, pamoja na Martin na Osa Johnson.

Inabaki karatasi ya yule mfanyakazi wa bandarini. Mstari wa "next of kin" huandikwa mtu wa karibu kupita wote kwa damu au kwa ndoa: mke au mume, mzazi, mtoto aliyekua, ndugu wa tumbo moja. Jina liandikwe kamili, na simu, na mahali anapopatikana kweli, si mahali alipokuwa akikaa zamani. Mtu akihama au akioa, aende kwa karani abadilishiwe.

Lakini mstari huo usidhaniwe kuwa ni wosia. Wako waliogombana makaburini, mmoja akishika nakala ya fomu na kudai kwamba mali yote ni yake kwa kuwa marehemu aliliandika jina lake penye "kin". Mstari ule wasema nani apewe habari. Hausemi nani arithi. Urithi una sheria yake, ambayo nchini Kenya ilianza kutumika mwaka 1981, nayo huwatazama mjane na watoto hata kama hawakutajwa katika fomu yoyote. Fomu za akiba na za bima, ambazo mtu hutaja ndani yake yule atakayelipwa, huwa na mstari mwingine, na neno linalotafutwa hapo si "kin". Ni "beneficiary", ambalo huanza kwa B, na B ni duka kubwa zaidi ya hili.